Jina limechafuka kwenye mikopo? Jinsi ya kulisafisha ukiwa hapa hapa Tanga, hatua kwa hatua

Umeenda benki, umejaza fomu, umepeleka barua ya serikali ya mtaa na picha za pasipoti, ofisa mikopo kachungulia kompyuta dakika tano afu anakwambia "mama, mfumo umekataa". Wengi hapo wanatoka nje wamenuna, jioni washaingia kwa kausha damu wa mtaani, yule mkopeshaji wa riba kubwa ambaye haulizi mfumo wala nini. Kabla hujafika huko soma hii. Mfumo una sababu yake, na hiyo sababu unaweza kuiona, ikiwa ya uongo unaipinga, ikiwa ya kweli unailipa kwa mpango. Naandika nikiwafikiria watu wa Tanga, mama wa samaki pale Deep Sea, muuza mboga Mgandini, bodaboda wa Kange, mwalimu, fundi wa kiwandani Pongwe, maana ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni ni wa Marekani, mara kadi ya krediti mara skoo mia saba, na kwetu mambo yanakwenda kivingine.

Kwanza ujue nani anaandika hayo mambo yako. Benki Kuu ina kanzidata ya taarifa za mikopo, kanuni zake zilitoka 2012. Benki na taasisi za fedha zinapeleka humo habari za wakopaji wao, nani kachukua kiasi gani, anarejesha lini, kachelewa siku ngapi, kaweka dhamana gani. Afu kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kwa Kiingereza Credit Reference Bureau, kwa kifupi CRB, zinazozipanga hizo taarifa ziwe ripoti na alama, zinazojulikana ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, ofisi zao ziko Dar. Mtu akisema "nimefungiwa CRB" anadhani kuna kitabu cheusi kimoja kina majina ya wabaya, hamna kitu kama hicho. Ni ripoti, ina mazuri yako na mabaya yako, kila mkopeshaji anaisoma anaamua mwenyewe, ndo maana benki hii inakukataa na ile ya mtaa wa pili inakupa, ila kwa masharti magumu zaidi.

Na ushike namba moja tu, siku 90. Rejesho likichelewa wiki moja mbili ni doa dogo. Likipita siku 90 mkopo unaitwa chechefu, na hapo ndo benki nyingine zinaanza kukuogopa kwelikweli. Kama sasa hivi uko siku ya 60 au 70, acha kusoma kidogo, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4, utarudi baadaye.

Hatua ya 1: Kusanya makaratasi yako

Tafuta namba yako ya NIDA, namba zote za simu ulizowahi kutumia hata zile za zamani uliotupa laini, akaunti zote za benki, mikataba ya mikopo, risiti, kadi za marejesho, na kama una TIN iweke. Watu wanadharau hii hatua, wanasema karatasi zimeliwa na mende. Sawa, nenda benki kaombe stetimenti ya kipindi cha mkopo, utalipia kidogo lakini utaihitaji mbele, bila hiyo ukipinga kitu unakuwa unapiga porojo tu.

Afu piga *106# kwenye simu yako. Hapo utaona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua usiipuuze, nenda duka la huo mtandao na kitambulisho uiondoe, maana mikopo ya simu inafuata laini na laini inafuata NIDA. Wapo watu wanadaiwa Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, ya laini aliyosajili shemeji miaka hiyo kabla hajahamia Muheza, na wapo waliosajiliwa laini mbili na wakala wa mwavuli pale stendi, moja wakapewa nyingine ikabaki kwa wakala.

Hatua ya 2: Ivute ripoti uisome mwenyewe

Unaweza kuiomba moja kwa moja kwa hizo kampuni, kupitia tovuti zao au kwa barua pepe, huna haja ya kupanda basi kwenda Dar. Watataka wahakikishe ni wewe, kwa hiyo kitambulisho kinahitajika, na uliza gharama kabla ya kutuma hela. Tumia mawasiliano yaliyo kwenye tovuti yao, usitumie namba uliyopewa na mtu kwenye grupu la WhatsApp.

Kama benki imekukataa juzi tu, rudi kwa yule ofisa kwa upole. "Kaka, samahani nakusumbua tena, naomba uniambie ni mkopo gani umeonekana na ni wa taasisi ipi, nataka nikaumalize." Ukienda na ugomvi atakwambia ni siri ya ofisi. Ukienda na daftari na kalamu mara nyingi atakutajia, yeye naye ana malengo ya kukopesha, mteja aliyesafishika ni faida kwake.

Ripoti ikifika usikimbilie ile alama ya juu. Ile alama ni matokeo, shida iko ndani. Anza na jina na tarehe ya kuzaliwa, Watanga majina yetu yanafanana mno, Mwanaidi Omari wako wangapi Ngamiani peke yake? Majina yakigongana, na namba ya kitambulisho nayo ikawa iliandikwa vibaya, deni la mwenzio linakuja kulala kwako. Kisha angalia orodha ya mikopo iliyo wazi, mmoja mmoja, nani amekopesha, lini, salio, siku za kuchelewa. Kuna mikopo utakuta imeandikwa kwamba benki imeshaifuta kwenye vitabu vyake. Hiyo watu wanaifurahia bure. Benki kufuta mkopo kwenye vitabu ni hesabu zao za ndani, wewe bado unadaiwa, na kwenye ripoti inasomeka vibaya kuliko kuchelewa.

Usisahau sehemu ya udhamini. Ulimdhamini binamu akanunua bajaji, binamu kaacha kulipa kahamia Kilindi, wewe hujala hata shilingi ila jina lako liko pale. Mwisho kuna sehemu inayoonyesha ni nani wameulizia taarifa zako na lini. Ukiona benki nne zimeulizia ndani ya mwezi mmoja ni kwa sababu umezunguka kuomba kila mahali, na ofisa wa benki ya tano akiona hivyo anajua huyu mtu ana haraka, na mtu mwenye haraka ya hela huwa hapewi.

Hatua ya 3: Pinga kilicho cha uongo, kwa maandishi

Makosa yanayotokea mara nyingi ni haya: mkopo umeshaisha lakini bado unaonekana wazi, mkopo mmoja umeingia mara mbili, salio si lenyewe, mkopo si wako kabisa. Na kuna kosa moja la watumishi ambalo linaumiza sana. Mwalimu anakatwa kwenye mshahara kila mwezi, salari slipu inaonyesha makato, lakini hela imechelewa kufika benki, au kahamishwa kutoka Lushoto kuja Jiji la Tanga makato yakasimama miezi miwili bila yeye kujua, kule kwenye mfumo anasomeka mkaidi. Mwalimu, kama umewahi kuhamishwa ukiwa na mkopo, chomoa salari slipu za kipindi hicho zote uzipange kwa mwezi, linganisha na stetimenti ya mkopo mstari kwa mstari. Miezi ambayo slipu ina makato na stetimenti haina, hiyo ndo kesi yako, izungushie wino. Miezi ambayo hata slipu haina makato, hiyo pole, hela ulikula wewe, itabidi uilipe.

Barua peleka kwa aliyepeleka taarifa, yaani benki au taasisi yenyewe, na nakala kwa kampuni ya taarifa za mikopo. Kampuni ile haiwezi kubadili deni la benki kwa sababu wewe umelalamika, itarudi kuiuliza benki. Barua isiwe na maneno mengi, mfano huu unatosha:

"Kwa Meneja wa Tawi. Mimi ni mteja wenu, namba yangu ya NIDA ni ..., akaunti namba ... Ripoti yangu ya mikopo ya tarehe ... inaonyesha mkopo namba ... una salio la Sh ... na umechelewa siku ... Mkopo huo niliumaliza tarehe ... kama inavyoonekana kwenye risiti na stetimenti nilizoambatanisha. Naomba mrekebishe taarifa hiyo kwenye kanzidata ya Benki Kuu na kwa kampuni za taarifa za mikopo, na mnijulishe kwa maandishi mkishafanya hivyo."

Chapisha nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Ukisahau muhuri, mwezi ujao utaambiwa barua haijaonekana, na yule dada uliyempa yuko likizo.

Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, unapeleka malalamiko Benki Kuu, wana dawati la malalamiko ya wateja wa huduma za fedha. Ila watataka waone kwamba ulianza kwa benki yako, ndo maana nasisitiza muhuri. Tanga hatuna tawi la Benki Kuu, la jirani ni Arusha au makao makuu madogo Dar, basi andika barua pepe uambatanishe vielelezo, usipoteze nauli.

Hatua ya 4: Deni la kweli, nenda kabla hawajakufuata

Hapa ndo penye kazi. Mtu akidaiwa anazima simu, anabadilisha njia, akimuona ofisa mikopo pale barabara ya nane anaingia duka la vitenge. Wakati huo penati inapanda na siku zinahesabika. Nenda. Benki inaweza kupanga upya mkopo wako, kurefusha muda rejesho lipungue, au kukusimamishia penati ukileta hela ya mkupuo, lakini haifanyi hivyo kwa mtu aliyejificha. Na omba kwa barua, makubaliano yakipatikana yaandikwe na yasainiwe. Maneno ya mdomo ya ofisa ambaye kesho anahamishiwa Korogwe hayana uzito.

Nipe nafasi nikuonyeshe kwa hesabu. Chukulia mama anayeuza samaki Deep Sea. Anadaiwa Songesha 42,000, mkopo wa programu ya simu yenye leseni 85,000, na taasisi ya mikopo midogo 1,350,000 ambao umeshachelewa siku 120. Akibana matumizi anaweza kutoa 60,000 kwa wiki. Aanze na upi?

Wengi watasema aanze na mkubwa. Mimi nasema siku ya kwanza aende kwa ule mkubwa, lakini aende na mdomo na barua, hela bado. Aombe upangwe upya na penati isimame, aseme ukweli kwamba ataanza kulipa wiki ya tatu na kila Jumatatu. Ule tayari umeshakuwa chechefu, wiki mbili tatu hazitaugeuza kuwa mzuri, kitu muhimu ni usiendelee kuvimba. Hela ya wiki mbili za mwanzo na kidogo ya wiki ya tatu iende kwenye vile vidogo viwili, jumla 127,000, viishe kabisa. Faida yake ni mbili. Anabaki na mkopeshaji mmoja wa kuongea naye badala ya watatu. Na simu inaanza kupumua, maana Songesha ikiwa wazi kila hela inayoingia kwenye laini inamegwa, mteja akikutumia 50,000 ya kibua unakuta imebaki kidogo na huna ya kununulia barafu. Kuanzia hapo ni 240,000 kwa mwezi kwa ule mkubwa, miezi sita umeisha ikiwa penati imesimama kweli.

Kitu ambacho ofisa hatakwambia usipomuuliza ni rejesho kufuata msimu. Mvuvi na muuza samaki, upepo wa kusi ukichachamaa mwezi wa 6 na wa 7 bahari haitoki kitu, unapanga vipi rejesho sawa miezi yote kumi na miwili? Omba miezi ya kusi iwe ndogo, miezi bahari ikitulia iwe kubwa. Mkulima wa machungwa wa Muheza hali kadhalika. Si kila taasisi inakubali, ila zipo zinazokubali, na kuomba hakukatwi hela.

Kama dhamana ni nyumba na umeshapewa notisi, usiiweke uvunguni. Kwa Sheria ya Ardhi mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 60 kwanza kabla ya kuuza, hizo ni siku zako za kuhangaika, na kama ni nyumba ya familia na mwenzi wako hakuridhia kwa maandishi wakati inawekwa rehani, hapo tafuta mwanasheria haraka, wa msaada wa kisheria wapo.

Wadaiwa wa Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu nao wasijisahau. Ukiajiriwa mwajiri anatakiwa akukate asilimia 15 ya mshahara. Ukiwa umejiajiri hakuna wa kukukata, inabidi uombe kontroo namba ulipe mwenyewe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na penati ya asilimia 10 ziliondolewa 2021, kwa hiyo kama ulikimbia kwa sababu deni lilikuwa linavimba, angalia salio lako upya.

Hatua ya 5: Ukilipa, toka na karatasi

Ukimaliza deni usiondoke na meseji ya simu tu. Omba barua ya kumaliza deni yenye jina lako, namba ya mkopo, tarehe, na neno kwamba hudaiwi. Dai dhamana yako irudi siku hiyo hiyo, hati, kadi ya pikipiki, chochote. Ukiwa umelipa kwa simu piga skrinshoti ya muamala, simu ikiibiwa kesho muamala utaupata kwa shida.

Usitegemee ripoti ibadilike kesho yake asubuhi. Taarifa zinapelekwa kwa mafungu, kaa mwezi mmoja mpaka miwili ndo uvute ripoti nyingine ulinganishe. Na deni uliolipa halifutiki likapotea kama halijawahi kuwepo, linabaki limeandikwa kwamba limelipwa na kwamba lilichelewa. Ni sawa. Ofisa akiona mkopo uliochelewa ukaisha, na baada yake kuna mwaka wa marejesho ya saa na tarehe, anaelewa anaongea na mtu aliyejikwamua.

Hapa niseme na wale "wasafishaji". Utaona tangazo, tunasafisha CRB ndani ya masaa 24, tuma 50,000. Ni matapeli. Hamna mtu wa nje anayeweza kufuta taarifa ya kweli kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na taarifa ya uongo unaiondoa mwenyewe kwa ile barua ya hatua ya 3 ambayo gharama yake ni karatasi mbili na stepla. Mbaya zaidi wanakuomba picha ya NIDA na namba ya siri ya simu, kwa hiyo hela yako inaenda na mkopo mpya unachukuliwa kwa jina lako. Meseji za kitapeli zipeleke 15040.

Hatua ya 6: Kausha damu na mikopo ya kwenye simu

Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 wakopeshaji wa huduma hizo wana madaraja. La kwanza benki na wanaopokea amana, la pili wakopeshaji wasiopokea amana wakiwemo wa mtandaoni, la tatu SACCOS, la nne vikundi kama vikoba. Wa daraja la pili wamewekewa ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Maana yake kwenye laki tatu riba ya mwezi ni 10,500. Sasa yule wa mtaani anayekuchaji asilimia 30 anachukua 90,000 kwa mwezi kwenye laki tatu hiyo hiyo, na kadi yako ya benki kaishika pamoja na namba ya siri. Hesabu hiyo ikae kichwani.

Kuhusu programu za simu, mwezi wa 11 mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Kabla hujapakua kitu nenda tovuti ya Benki Kuu uone orodha ya wenye leseni. Na zile zinazochukua majina yote kwenye simu yako afu zinamtumia meseji mama mkwe kwamba wewe ni tapeli, hilo ni kosa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na Tume yake ipo, hifadhi zile meseji ulalamike.

Ila tuelewane, kausha damu hata umlipe kwa uaminifu miaka mitatu hakuna mahali inaandikwa. Vikoba vingi pia, vizuri kwa akiba na kwa umoja, ila rekodi yake haifiki benki. Kwa kujenga jina unahitaji mkopeshaji anayepeleka taarifa. Muulize kabisa kabla ya kusaini, "dada, nyie mnapeleka taarifa Benki Kuu au kwa kampuni za mikopo?" Akikodoa macho umeshajibiwa.

Hatua ya 7: Jenga upya, kidogo kidogo na kwa makusudi

Ukishakuwa huna deni lililochelewa, usikae miaka bila kukopa ukidhani ukimya ni sifa. Ripoti tupu haimsaidii ofisa chochote. Unachotaka ni mstari mpya wenye tarehe zilizotimia.

Anza na akaunti. Pitisha mauzo yako benki au kwenye simu kwa jina lako mwenyewe, usipitishe kwa laini ya mdogo wako. Mama wa Mgandini anayeuza laki mbili kwa siku lakini akaunti ina 15,000 mwaka mzima, benki inamuona hana biashara.  Weka kila siku hata kama jioni unaitoa, miezi sita ya mzunguko inaonekana vizuri.

Kisha chukua mkopo mdogo ambao ungeweza kuulipa hata usingeuchukua. Laki moja ya kwenye simu kutoka benki, mfano Mshiko Fasta ya NMB, au Songesha ndogo, au mkopo wa SACCOS ya kazini yenye leseni. Ulipe siku mbili tatu kabla, mtandao hupotea siku ya mwisho na mfumo haujui habari za mtandao. Ukimaliza pumzika kidogo, chukua mwingine mkubwa kiasi. Usifanye mitatu kwa mpigo, na usichukue huu kulipia ule, mchezo huo ndo uliowatia wengi kwenye shimo.

Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 (ya mapato yake ya ndani, si riba), ule wa nne nne mbili, wanawake nne, vijana nne, watu wenye ulemavu mbili, hauna riba. Ukiwa na kikundi kilichosajiliwa nenda kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata uulize dirisha linafunguliwa lini. Tahadhari yangu ni moja, chagueni wanakikundi kwa tabia, msichague kwa ujirani, mmoja akila hela mnaonekana wote.

Watumishi, ile kanuni ya kubakiwa na theluthi moja ya mshahara haipo kukubania. Ukiwa umefika ukingoni usitafute mkopo wa pembeni kwa kuacha kadi kwa mtu, tulia mpaka mmoja uishe.

Na kudhamini, jamani. Huku kwetu mtu akija na mjumbe, na shangazi, na maneno matamu ya kipwani, kukataa ni kazi. Mwambie tu, "mwanangu, mimi mwenyewe jina langu liko kwenye matengenezo, nikikudhamini benki wakiniangalia watakukataa na wewe." Na ni kweli, mdhamini mwenye doa anamharibia mwombaji.

Hatua ya 8: Kurudi kuomba ule mkopo ulioutaka

Vuta ripoti tena kabla ya kuomba. Ikiwa safi kiasi chako, chagua benki moja tu, ile ambayo akaunti yako inazunguka. Nenda katikati ya mwezi, mwisho wa mwezi matawi ya mjini yanajaa watu wa mishahara na ofisa hana muda na wewe. Beba barua za kumaliza madeni, stetimenti ya miezi sita, leseni ya biashara au kitambulisho cha mjasiriamali, na ripoti yenyewe.

Lile doa la zamani litaje mwenyewe kabla hajalikuta. "Kaka, 2023 nilichelewa mkopo wa taasisi fulani, biashara iliyumba, niliumaliza, barua hii hapa, na tangu hapo nimechukua miwili nimelipa kwa wakati." Maneno mawili, karatasi mezani, basi. Omba kiasi kidogo kuliko unachodhani unastahili, ukihitaji milioni tatu na biashara inaweza kwenda na moja na nusu anza na hiyo moja na nusu. Wakikukataa tena uliza sababu, iandike kwenye daftari, na usiende benki nyingine kesho yake, subiri angalau miezi mitatu hayo maulizo yapoe huku ukishughulikia hiyo sababu waliyokutajia.